Mrejesho: taa za rivasi zilizokuwa hazizimiki

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu gari yangu ya gia za mkono: ukiwasha swichi ya ufunguo tu, taa za rivasi zinawaka na hazizimiki hata ukiwa gia ya tatu. Ahsanteni sana mlionijibu.

Kilichosaidia ni ule ushauri wa kuchomoa soketi ya swichi ya rivasi (ile inayowasha taa hizo ukiweka rivasi) pale kwenye giaboksi kabla ya kununua chochote. Nikachomoa, taa zikazimika. Kumbe waya ni nzima, swichi ndiyo imeganda kwa ndani. (Zingeendelea kuwaka, ningetafuta waya zilizogusana.) Aliyesema nianze na fyuzi, samahani mkuu, fyuzi ikiungua taa haiwaki kabisa. Nimefunga swichi mpya pamoja na washa yake (ringi ya kuziba), oili isije ikavuja. Sasa zinawaka nikiweka rivasi tu.

Bado moja: usiku nikikanyaga breki, taa ya rivasi ya kushoto inawaka kwa mbali. Nimekwangua kutu kwenye arthi ya taa za nyuma (pale waya wa kurudisha umeme unapofungwa kwenye bodi), hali imepungua ila haijaisha. Holda yenyewe ya balbu imeliwa na kutu, natafuta ya mtumba.