Ndugu wa Berlin: Jumamosi Tempelhofer Feld, nani yumo?

*Jumanne*

[07:12] Mama Jamila: Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za asubuhi wote. Jumamosi tunamkaribisha dada yetu Upendo, mgeni wetu kutoka Moshi. Nyama choma, Tempelhofer Feld, upande wa Columbiadamm penye sehemu ya kuchomea. Saa nane KAMILI, siyo saa nane yetu ile. Andika jina na unacholeta.

[07:13] Mama Jamila:
1. Mama Jamila – mbuzi nusu, nimeshaagiza bucha la Sonnenallee
2.
3.

[09:40] Mama Jamila: Jamani

[12:55] Mama Jamila: Naona alama za bluu. Mmesoma. Vidole vinauma?

[13:02] Wafula: 2. Wafula – njaa

[13:02] Wafula: 😂😂

[13:04] Mama Jamila: Wafula wewe utaleta mkaa na maji. Nimeshakuandika.

[13:05] Wafula: Mama Jamila heshima, lakini huo uwanja wote hauna mti. Mimi nitaiva kabla ya mbuzi.

[13:09] Zuhura: Ulikuwa uwanja wa ndege, ulitaka wapande miembe kwenye njia ya kurukia?

[13:10] Wafula: Waliufunga 2008, miembe ingekuwa imezaa 😂

[13:31] Deo: Kabla ya mchango mpya, naomba hesabu za Karneval, lile tamasha la mtaani, zisomwe.

[13:32] Mama Jamila: Deo.

[13:32] Mama Jamila: Hesabu zilisomwa. Wewe ulikuwa umeinamia spika.

[13:34] Deo: Zilisomwa kwa mdomo, mvua inanyesha, watu wanakusanya viti. Mimi naomba karatasi. Na jiko langu sijaliona tangu siku ile.

[13:35] Mama Jamila: Jiko liko kwa Baba Neema.

[13:50] Baba Neema: Ujumbe huu umefutwa

[13:51] Wafula: Baba Neema tumeona 😂😂

[13:58] Mama Jamila: Tusitoke kwenye mada. Mgeni yuko Marzahn peke yake, hana mtu, nyie mnadai jiko. Upendo mama, karibu sana, usiogope, sisi ndivyo tulivyo.

*Jumatano*

[06:20] Mama Jamila: Orodha bado ina watu wawili na mmoja ni njaa.

[10:15] Mama Jamila: Maelekezo ya Upendo: panda treni ya S7 hadi Alexanderplatz, hapo chukua U8 kuelekea Hermannstraße, ushuke Boddinstraße. Simama hapo hapo, mtu atakufuata.

[10:22] Zuhura: Bora ashuke kituo kimoja kabla, Hermannplatz, nimsubiri kona ya Lucy-Lameck-Straße. Mtu wa Moshi apokelewe kwenye mtaa wa mtu wa Moshi.

[10:24] Wafula: Ndio upi huo?

[10:27] Zuhura: Wa Lucy Lameck, mwanasiasa wetu. Zamani ulikuwa Wissmannstraße. Wissmann huyu huyu aliyekuja na bunduki pwani, Bushiri wetu akanyongwa Pangani 1889. Wamebadilisha 2021. Mimi mtu wa Tanga nilipita pale siku ya kwanza nikapiga picha kibao cha mtaa, nikakosa basi.

[10:29] Wafula: Basi liliitwa nani?

[10:29] Zuhura: Wafula nitakutoa kwenye kundi.

[10:30] Mama Jamila: Anayetoa watu ni mimi.

[23:48] Upendo: Shikamooni wakubwa zangu, samahani nilikuwa zamu, simu inabaki kabatini. Nimesoma yote sasa hivi kwenye treni. Nashukuru mno mama, nimefarijika hadi machozi. Ila Jumamosi niko zamu ya jioni, naingia saa saba na nusu mchana. Nilidhani mnajua 🙏

*Alhamisi*

[05:58] Mama Jamila: Upendo si ungesema

[05:59] Wafula: Hakuna aliyemuuliza 😂😂😂 harusi bila bibi harusi

[06:01] Mama Jamila: Badilishana zamu na mwenzako.

[06:44] Upendo: Mama, ratiba inatoka mwezi mzima kabla. Niliomba mara moja nikaambiwa niandike barua pepe. Wenzangu ni wazuri, wananielekeza kazi, ila zamu ikiisha kila mtu anachukua baiskeli yake kimya. Nikiwa sina kazi naongea na mama yangu tu kwa simu. Nilimwambia mmoja tukanywe kahawa, akafungua kalenda akanipa tarehe ya mwezi ujao. Sikujua kama amekubali au amekataa.

[06:50] Zuhura: Amekubali! Mdogo wangu, huyo amekubali kabisa. Angekataa angesema hapana, hawana haya na hapana. Tarehe hiyo nenda hata kama kuna barafu, ufike dakika tano kabla. Ukiahirisha ndiyo basi.

[06:58] Zuhura: Na usisubiri urafiki wa kazini, wengi wanatenganisha kazi na nyumbani. Hapa watu wanapatana kwenye chama, wenyewe wanaita Verein. Mpira, bustani, kwaya, kila kitu kina chama na ada yake. Mimi niliingia kwaya, muda mrefu walinisalimia tu Hallo na Tschüss. Siku nilipougua wakaja na supu, wawili, na ratiba ya nani anakuja lini. Kama hujisikii kuimba anza na Volkshochschule, shule ya watu wazima, kila wilaya kati ya zote 12 ina ya kwake, Marzahn-Hellersdorf ipo. Bei nafuu. Siyo Kijerumani tu, kuna kushona, kuogelea, hata upishi. Mkikosea pamoja mnazoeana.

[07:03] Deo: Na vifurushi. Pokea kifurushi cha jirani hata kama humjui. Lazima aje kugonga mlango wako. Mimi mzee wa chini yangu nilimjua hivyo, sasa ana ufunguo wangu.

[07:05] Wafula: Ana jiko lako pia? 😂

[07:06] Deo: Yeye angelirudisha.

[07:11] Wafula: Upendo kitu kimoja usifanye. Usimtakie Mjerumani heri ya kuzaliwa kabla ya siku yenyewe. Mimi nilimpongeza bosi Ijumaa kwa ya Jumapili, ofisi nzima ikanyamaza nikadhani nimemroga. Na siku yako wewe ndiye unaleta keki kazini. Hakuna anayekuletea.

[07:12] Upendo: 😳 Yangu ilipita wiki mbili zilizopita. Sikuleta kitu. Hakuna aliyesema neno

[07:13] Zuhura: Masikini

[07:13] Wafula: Wanasubiri keki mpaka leo 😂😂

[07:30] Mama Jamila: Tunahama Jumapili basi, Feld pale pale. Orodha mpya. Na mjue mageti yanafungwa jua likizama, siyo mkutwe ndani kama mwaka ule.

[07:31] Deo: Aliyechelewa kufunga mizigo mwaka ule anajulikana.

[07:33] Mama Jamila: Deo nimekuvumilia tangu Juzi. Nilibeba sufuria peke yangu, mgongo huu, na mtu ameshika spika. Kama ni pesa nitakurudishia zako kesho asubuhi, uache kunisema mbele ya mgeni.

[07:34] Deo: Sijasema pesa zangu. Nimesema karatasi.

[07:36] Baba Neema: Jiko lilishika kutu. Nilitaka kulipaka rangi kwanza.

[09:17] Mzee Khamis: Hamjambo wanangu.

[09:17] Zuhura: Shikamoo Mzee

[09:17] Wafula: Shikamoo Mzee

[09:18] Deo: Shikamoo Mzee wetu

[09:18] Mama Jamila: Shikamoo baba

[09:26] Mzee Khamis: Marahaba. Nimesoma tangu juu. Huyu binti yumo humu tangu Machi. Mmemuandikia karibu, nimezihesabu karibu zenu. Nani kati yenu amepanda S7 akafika mlangoni kwake?

[09:41] Mzee Khamis: Miye nilikuja nchi hii kijana. Leipzig, Herder-Institut, kusoma lugha. Baridi ile na hatuna simu. Tulikuwa Wazanzibari wachache, lakini mmoja asipoonekana chakula cha jioni, wengine wanakwenda kugonga. Hakuna aliyeandika orodha.

[09:44] Mzee Khamis: Mmeshamsahau Salum.

[10:52] Baba Neema: Tumekosa, Mzee.

[11:20] Zuhura: 🙏

[11:25] Mzee Khamis: Jumapili aje kwangu, mtaa wa Wedding. Sitaki kiwanja, magoti yangu hayataki nyasi. Nitapika wali wa nazi na kitoweo. Upendo binti yangu, hizo nyumba za Marzahn ulizomo zisikutishe. Ni ndugu wa Michenzani, Wajerumani wa Mashariki walitusaidia kujenga zile kwetu Unguja. Nikipita Marzahn huwa natafuta Darajani.

[11:40] Mama Jamila: Sawa baba. Neno lako tumelisikia. Ila kwako tutaenea? Watu wakija wote?

[11:41] Wafula: Orodha ina watu wawili 😂

[11:42] Wafula: Samahani Mzee

[11:58] Mzee Khamis: Jirani wa chini hapendi kelele, na Jumapili hapa ni siku ya kimya. Spika ibaki kwake Deo.

[12:00] Deo: Sawa Mzee. Nami nitakwenda Marzahn kumchukua, Upendo asipande treni peke yake mara ya kwanza.

[12:03] Mama Jamila: Nilikuwa nimepanga kwenda mimi.

[12:03] Deo: Twende wote.

[12:19] Mama Jamila: Tutaona.

[15:10] Upendo: Shikamoo babu. Nitakuja. Nishuke wapi, na nilete nini?

[15:32] Mzee Khamis: Marahaba mwanangu. U6, Afrikanische Straße. Njoo mikono mitupu.

[15:34] Zuhura: Asije mikono mitupu, alete keki. Ile ya siku yake. Tule sisi.

[15:35] Upendo: 😂😂 sawa dada

[16:02] Mama Jamila: Na mbuzi wangu? Nimeshalipa arubuni. Jumapili mabucha yote yamefungwa, lazima achukuliwe Jumamosi kabla ya jioni, na mimi Jumamosi niko kwa daktari wa mgongo asubuhi kisha nina wageni. Nani ana gari? Na friji ya nani ina nafasi?

[17:45] Mama Jamila: Wafula una gari.

[18:30] Mama Jamila: Wafula

[21:07] Wafula: Nitajua Ijumaa