Ruzuku za Marekani kwa fizikia ya msongamano mkubwa wa nishati: nianzie ofisi ipi?

MaadaMoto:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mhadhiri mpya katika idara ya fizikia ya chuo kikuu kimoja nchini Marekani. Utafiti wangu unahusu maada inayobanwa kwa mawimbi ya mshtuko yanayosukumwa na leza, mpaka mgandamizo wake unazidi ule wa anga kwa zaidi ya mara milioni moja. Tunaita fani hii fizikia ya msongamano mkubwa wa nishati, na kwa kawaida mpaka wake huwekwa pale ambapo kila mita ya ujazo hubeba takriban jouli bilioni 100.

Ninaandaa andiko langu la kwanza la ruzuku nikiwa mtafiti mkuu, na ushauri ninaopewa unapingana. Mmoja ananielekeza kwenye Ofisi ya Sayansi ya Wizara ya Nishati, katika programu ya sayansi ya nishati ya muunganiko wa nyuklia (viini vya atomu vinavyoungana na kutoa nishati) inayojulikana kwa herufi FES. Mwingine anasisitiza kuwa fedha za fani yetu ziko NNSA, taasisi iliyo ndani ya wizara hiyohiyo na ambayo kazi yake kuu ni kutunza silaha za nyuklia. Wa tatu anasema niombe kwanza muda wa leza, kwa kuwa fedha hufuata zenyewe.

Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, ninachopima ni mlinganyo wa hali, yaani uhusiano wa mgandamizo, msongamano na joto, wa madini ya silikati, yale yanayounda sehemu za ndani za sayari zenye miamba. Je, kazi ya namna hii ni ya ofisi ipi? Pili, je, niiandike kwa lugha ya nishati ya muunganiko, kwa kuwa ndiyo inayovuma tangu lile jaribio la leza la Desemba 2022, ambalo muunganiko ulitoa nishati kuliko mwanga uliopelekwa kwenye shabaha?

Mzee wa Plazima:

Karibu, ndugu. Mgawanyo huu unaokutatiza una historia yake. Marekani ililipua bomu lake la mwisho la majaribio mwezi Septemba 1992, na tangu hapo imani yake juu ya silaha ilizonazo imejengwa kwa hesabu za kompyuta na kwa majaribio ya maabara. Ndiyo maana mashine kubwa za fani yetu, yaani leza ya NIF yenye miale 192 katika maabara ya taifa ya Livermore, leza ya Omega yenye miale 60 katika Chuo Kikuu cha Rochester, na mashine ya Z ya maabara ya Sandia kule Albuquerque, huendeshwa hasa kwa fedha za NNSA. Nishati ya umeme haikuwa sababu ya kwanza ya kuzijenga, hata kama ndiyo inayopendwa na magazeti.

FES, kwa upande wake, imepewa jukumu la kujenga msingi wa kisayansi wa nishati ya muunganiko, na sehemu kubwa ya fedha zake huenda kwenye plazima, yaani gesi yenye joto kali na chaji za umeme, inayoshikiliwa kwa sumaku. Katika mwaka wa fedha wa 2023 Bunge liliitengea takriban dola milioni 763, na ndani ya hizo milioni 242 zilikuwa za ITER, mtambo wa kimataifa wa majaribio ya muunganiko unaojengwa Ufaransa. Ukiondoa pia tokamaki (mashine zinazoshikilia plazima kwa sumaku) za hapa nchini, utaona kuwa mtu wa leza anagombania fungu dogo kuliko jumla hiyo inavyodokeza.

Kwa kazi uliyoieleza, mlango ulio wazi zaidi ni programu ya NNSA inayoitwa SSAA, iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya vyuo vikuu. Tabia za maada katika mazingira makali ni mojawapo ya maeneo yake ya msingi, pamoja na fizikia ya msongamano mkubwa wa nishati yenyewe, sayansi ya viini vya atomu katika nishati ndogo na kemia ya mionzi. Silikati zinaingia humo bila kulazimisha. Ipo pia programu ya pamoja kati ya FES na NNSA, iliyoundwa mwaka 2008 kwa ajili ya plazima za maabara zenye msongamano mkubwa wa nishati, ila usipange maisha yako kana kwamba tangazo lake litatoka kila mwaka.

Jambo moja ambalo wageni hulipita haraka: NNSA haifichi kwamba inafadhili vyuo ili ipate watu watakaokuja kufanya kazi katika maabara za taifa. Kwa hiyo mwanafunzi wa uzamivu katika andiko lako asitajwe kama mkono wa kusaidia tu. Eleza atajifunza nini, atatumia mashine ipi, na atakutana na nani kutoka maabara hizo. Nimepitia maandiko mazuri sana kisayansi ambayo yalimtaja mwanafunzi katika jedwali la bajeti pekee, na hayakupata kitu.

Ofisi ya Sayansi nayo huwa na tangazo la jumla linalopokea maombi mwaka mzima. Usidanganyike na upana wake. Kabla ya kuandika kurasa nyingi, mwandikie meneja wa programu barua pepe fupi yenye wazo lako na umuulize kama linaangukia ndani ya mawanda yao. Kumuuliza hivyo si kujipendekeza. Ni sehemu ya kazi yake kukujibu.

Leza_na_Shabaha:

Naungana na Mzee, lakini nataka kumpinga vikali yule aliyesema fedha zitafuata muda wa leza. Hilo ndilo kosa linaloua miradi ya wanaoanza.

Muda wa mashine na fedha ni vitu viwili vinavyoombwa kwa milango tofauti na kupitiwa na majopo tofauti. Mtandao wa LaserNetUS, ulioanzishwa na FES mwaka 2018, hutoa muda wa kutumia leza za vyuo na maabara mbalimbali bila malipo kwa andiko litakaloshinda. NIF na Z nazo zina programu za sayansi ya msingi zinazogawa siku za majaribio kwa ushindani. Rochester imekuwa na programu ya watumiaji wa nje, NLUF, tangu mwaka 1979, na hiyo ni tofauti kidogo kwa sababu kuna miaka ambayo siku za Omega zimeambatana na ruzuku ya NNSA. Soma tangazo la mwaka husika kwa makini. Kwingineko, ukishinda muda umeshinda muda. Mshahara wa mwanafunzi, safari, na mara nyingi shabaha zenyewe, yaani vipande vinavyopigwa na leza, ni juu yako.

Tafakari siku moja pale Omega. Mashine hupiga takriban kila baada ya dakika 45 hadi saa moja, kwa hiyo siku njema hukupa mipigo kama kumi na miwili. Ya kwanza huliwa na kupanga muda wa vifaa vya kupimia, kwa sababu ukikosea nanosekunde moja kamera ya mstari, ile inayonasa mabadiliko ya mwanga ya kasi kubwa, inarekodi giza. Kila mpigo huteketeza shabaha moja, kitu cha milimita chache kilichobandikwa tabaka kwa tabaka na mtu mwenye hadubini na subira, na kilichoagizwa miezi mingi kabla. Ukifika na shabaha kumi zilizo sawa na mbili zilizopinda, umekwenda na mipigo kumi. Hizo mbili hazirudishwi kwako mwezi unaofuata, bali pengine mwaka unaofuata.

Sasa weka kalenda ya fedha juu ya kalenda hiyo. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Oktoba 1, lakini mara nyingi Bunge huwa halijapitisha bajeti kufikia siku hiyo, na ofisi huendeshwa kwa azimio la muda huku ruzuku mpya zikisubiri. Siku zako za leza hazisubiri. Kwa sababu hiyo mimi huandika mwaka wa kwanza wa mradi usiotegemea mashine ambayo bado sijapewa: uigaji wa kompyuta, usanifu wa shabaha, uchambuzi wa data iliyopo, na majaribio madogo kwenye leza ya chuo. Na kwa kila jaribio kubwa nataja mashine ya pili inayoweza kulifanya, hata kama kwa mgandamizo mdogo zaidi. Mpitiaji akiona mradi mzima umening'inizwa kwenye siku moja ya NIF ambayo haijatolewa, ataandika neno "hatari" na hatakuwa amekuonea.

Mchambuzi_wa_Jopo:

Nijibu swali la pili, lile la lugha ya nishati. Tarehe 5 Desemba 2022 NIF ilipeleka megajouli 2.05 za mwanga wa leza kwenye shabaha na ikapata megajouli 3.15 za muunganiko. Ni tukio kubwa kwelikweli, ingawa leza yenyewe ilivuta takriban megajouli 300 kutoka kwenye gridi. Baada ya hapo fedha zenye jina la nishati zimeongezeka: Mei 2023 Wizara ilitangaza dola milioni 46 kwa kampuni nane katika programu inayolipa kwa hatua zilizofikiwa, na Desemba 2023 ikatangaza milioni 42, kwa miaka minne, kwa vituo vitatu vya nishati ya muunganiko wa leza vinavyoongozwa na Livermore, Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado na Rochester.

Hata hivyo fedha hizo zina kazi maalumu, na silikati za sayari hazimo. Wapitiaji wa andiko lako ni watu wa fani hiihii. Aya ya kwanza ikiahidi mtambo wa umeme na ya tatu ikazungumzia vazi la sayari (tabaka la miamba lililo chini ya ganda lake), watajua umebandika. Ofisi ya Sayansi hupima maombi kwa vigezo vinne kwa kufuata uzito wake: ubora wa kisayansi, kufaa kwa mbinu, uwezo wa watu na rasilimali, halafu bajeti. Kigezo kizito zaidi ndicho ambacho lugha ya kuazima hukidhoofisha.

Kuna upenyo mmoja wa haki. Kidonge cha fueli ya muunganiko kilichotumika katika jaribio lile la 2022 kilikuwa na ganda la almasi, yaani kaboni. Kama mbinu yako inaweza kupima kaboni chini ya mshtuko kwa kifaa kilekile, sema hivyo kwa aya moja na uonyeshe usahihi utakaoufikia, kisha urudi kwenye silikati.

MaadaMoto:

Nawashukuru nyote. Nimeamua kulenga SSAA, na kaboni nitaiweka kama jaribio la mwaka wa tatu. Limebaki la bajeti: ninahitaji kujenga spektromita ya eksirei, na mhasibu wa idara anataka niorodheshe kila kipande chake kama vifaa vya matumizi. Je, kuna ubaya?

Mzee wa Plazima:

Upo, na ni wa fedha nyingi. Gharama za uendeshaji za chuo hukokotolewa juu ya vifaa vya matumizi, lakini si juu ya mitambo ya kudumu. Chukulia vipande vyako ni vya dola 60,000 na kiwango cha chuo chako ni asilimia 55: vikiorodheshwa kama vifaa vya matumizi, ruzuku inabeba dola 33,000 za ziada, na hapo umepoteza sehemu nzuri ya posho ya mwanafunzi. Vikitambuliwa tangu mwanzo kuwa ni ujenzi wa chombo kimoja, vinahesabiwa pamoja kama mtambo. Kanuni za serikali zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinaruhusu kizingiti cha mtambo kufika dola 10,000, ila chuo chako kinaweza kuwa bado kinatumia 5,000 cha zamani.

Usihesabu pia kwamba kiwango hicho kitashushwa. Wizara ilitangaza mwezi Aprili 2025 kuwa itavilipa vyuo asilimia 15 tu, mahakama ikazuia. Tumia kiwango ambacho chuo chako kimekubaliana na serikali, na uombe barua ya ofisi ya ruzuku inayothibitisha ujenzi wa chombo hicho kabla hujagusa jedwali.

Leza_na_Shabaha:

Na katika spektromita hiyo, weka fedha za fuwele ya akiba. Mabaki ya shabaha huipiga ile ya kwanza.