Neno "glee" la Kiingereza ni furaha ya namna gani?

Swali
Wanajukwaa, ninapofasiri maandishi ya Kiingereza hukutana mara kwa mara na neno "glee", ambalo kamusi nilizo nazo hulieleza kuwa ni furaha, kana kwamba halitofautiani na "joy". Hata hivyo, nimeliona likitumika kwa watoto wanaocheza na pia kwa mtu anayefurahia kuanguka kwa mpinzani wake. Naomba kufahamishwa maana na asili yake.

Jibu la kwanza
Ndugu, "joy" yaweza kukaa moyoni miaka mingi bila ya mtu kuiona, lakini "glee" ni furaha inayochupa nje kwa vicheko na vigelegele, na aghalabu hupita upesi. Asili yake inalieleza jambo hili vizuri sana: katika Kiingereza cha Kale, neno hilo lilimaanisha muziki, mchezo na burudani, na "gleoman" alikuwa mwimbaji wa karamuni. "Joy" lilikuja baadaye kutoka Kifaransa, ambacho kililipata katika Kilatini. Ile maana ya muziki haikufa, kwani katika karne ya 18 "glee" lilikuwa jina la wimbo wa Uingereza wa sauti tatu au zaidi, usiofuatana na ala. Mwaka 1787 waimbaji wake waliunda chama jijini London, na kwaya ya wanafunzi wa Harvard inalitumia jina hilo tangu 1858.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu, ila ipo historia nyingine. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, alieleza kwamba neno hili halitumiki tena isipokuwa katika maandishi ya mzaha, au kwa kuchanganywa na kejeli na dharau. Lilifufuka baadaye, lakini siafiki kwamba ubaya umo ndani ya neno lenyewe, kwa maana mtoto akisemwa hivyo hakuna anayemdhania hila. Ni anapotajwa mtu mzima ndipo msomaji hujiuliza furaha hiyo imepatikana kwa hasara ya nani.

Muulizaji
Nashukuruni sana. Je, laweza kuandikwa katika barua ya pongezi za ndoa?

Jibu la pili
Hapana, hapo panahitaji "joy". Katika tafsiri zako, watoto wape "shangwe", na yule aliyeshinda mpinzani wake mwandike kuwa "anachekelea".