TRL kwenye bodi ya FR4: laini iwe na urefu gani?

fundi_raskazone: Wakuu habari za Tanga huku. Nataka kukalibreti VNA (kile kifaa cha kupima mawimbi yanayorudi na kupita kwenye saketi) kwa TRL, yaani thru-reflect-line. Nimechora thru (poti mbili zimeungana moja kwa moja), reflekti (mwisho unaorudisha wimbi) na laini (kama thru ila ndefu zaidi) kwenye FR4, bodi ya kawaida ya saketi, masafa 500 MHz mpaka 2 GHz. Laini niizidishe milimita ngapi kuliko thru, na hiyo reflekti lazima nijue thamani yake kamili?

mtu_wa_ngamiani: Mkuu reflekti wala isikuumize kichwa, openi (mwisho wazi) au shoti (mwisho uliounganishwa na graundi) poa tu, ila iwe ileile kwa poti zote mbili na ujue ni ipi. Kazi iko kwenye laini. Chukua robo ya wimbi katikati ya masafa yako, 1.25 GHz, hewani ni 60 mm, ukiwa na mikrostripi (njia ya shaba juu ya bodi) ya 50 om wimbi linakuwa fupi, gawa kwa kama 1.8 inakuja 33 mm hivi, ndiyo ziada ya laini juu ya thru. Hapo fezi inatembea digrii 36 mpaka 144, uko salama maana mpaka wake ni 20 hadi 160, ukikaribia 180 hesabu zinavurugika kabisa. Upana wa laini usiuchezee, impidansi yake ndiyo inakuwa rejea ya vipimo vyako vyote.

dada_wa_antena: VNA gani lakini? Kama ni NanoVNA, ile VNA ndogo ya bei nafuu, inapima S11 na S21 tu (wimbi linalorudi poti 1 na linalopita kwenda poti 2), TRL kamili inataka pande zote mbili. Halafu na chumvi hii ya baharini futa konekta zako kwa spiriti kwanza jamani 😂

fundi_raskazone: Ya chuo, poti mbili kamili. Shukrani, kesho nachonga bodi.