Re: CREST yangu imerudishwa, aliyesaini kastaafu

Binti Gungu:
Shikamooni wakubwa. Nimeomba IMT (mafunzo ya kuanzia ubingwa wa magonjwa ya ndani) kwa Oriel, mtandao wao wa maombi. CREST, ile fomu ambayo bosi anathibitisha uko tayari kuanza ubingwa, imerudi. Bosi wangu wa nyumbani alisaini kurasa zote, lakini hakuna ushahidi kwamba usajili wake uko hai. Mzee kastaafu, yuko Kasulu analima maharage, leseni hajahuisha. Hapa UK sijatimiza na bosi mmoja ile miezi mitatu anayotakiwa kuwa nami ndipo asaini. Nani asaini?

Muha wa Leeds:
Marahaba mdogo wangu. Mimi walinirudishia kwa kisanduku kimoja kilichoachwa wazi. Bosi alidhani hakimhusu! Ila ukiniuliza, kikwazo ni nafasi zenyewe. 2025 waombaji walipita 30,000, nafasi kama 10,000. Vyuo vya udaktari wamevitanua, ubingwa ukabaki nyuma.

Mnyamwezi Reading:
Achana na CREST, pitia CESR, ile njia ya kusajiliwa bingwa kwa uzoefu wako bila mafunzo yao.

Mama Pacha:
Mnyamwezi, CESR ilishabadilishwa tangu Novemba 2023, sasa ni Portfolio Pathway. Na ile ni ya mtu aliyekwisha kuiva, siyo huyu anayeanza. Soma swali kwanza. Muha nawe usimtishe mtoto wa watu. Nafasi moja ya mafunzo ni mshahara wa miaka pamoja na bingwa wa kumsimamia. Hazina isipofungua mkoba, hospitali itabuni nini? Julai 2025 serikali ya hapa iliahidi nafasi 1,000 za ziada ndani ya miaka mitatu, papo hapo wakasema wahitimu wa kwao watangulizwe. Zigawanye kwa fani zote uone zinazobaki.

Mnyamwezi Reading:
Jina tu hilo, dada. Sisi wa kabla ya Oktoba 2019, udaktari wote haujaingia kwenye orodha ya kazi adimu, tulisubiri wenyeji wachukue kwanza, raundi ya pili ndiyo tuokote makombo. Nyie mmekuta mlango wazi, ukianza kufungwa mnalia.

Muha wa Leeds:
Hakuna anayelia. Visa wanatuuzia, zamu za usiku wanatupa, ubingwa tukae foleni.

Mwana Maweni (niko Kigoma):
Mnaongea kama huku ni mteremko. MMed (shahada ya ubingwa) ya MUHAS au Bugando inataka ada na ruhusa ya mwajiri. Ufadhili wa Samia umesaidia wengi, sikatai. Lakini mwajiri anahesabu: ukiondoka, wodini anabaki nani? Mwenzangu kaweka barua ya ruhusa mezani kwa mkubwa, kila akipita anaiona palepale, imewekewa kikombe cha chai juu. Na mgonjwa anayehitaji bingwa tusiye naye tunampeleka Mwanza, barabara mnaijua.

Mama Pacha:
Basi rudini nyote mkajaze pengo, tuone.

Muha wa Leeds:
Kwa mshahara upi, mama? Mwana Maweni, samaki wetu mgebuka wameshuka bei pale sokoni Kibirizi?

Mwana Maweni:
Ziwa likifungwa uvuvi watashuka vipi, kaka? Dagaa wapo. Nani anakuja Desemba nimwandalie?

Mnyamwezi Reading:
Mimi, ila naishia Tabora. Nitumie kwa treni, na wakaushwe vizuri. Wa mara ile walinukisha sanduku zima.