Naomba ushauri: jalada la kitabu chetu cha mafunzo liandikwe Linux au GNU/Linux?

Mwalimu_Eastlands

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mimi hufundisha kompyuta katika kituo kimoja cha jamii huku Eastlands, na kwa sasa tunaandaa kitabu kidogo cha Kiswahili kwa ajili ya vijana wa sekondari wanaotumia kompyuta zetu kuukuu tulizoziwekea Debian, mfumo huria wa uendeshaji. Maandishi yamekamilika na mpiga chapa wa River Road anasubiri jalada, lakini hatujakubaliana kuhusu jina. Mwenzangu mmoja anashikilia kwamba tuandike "Linux", kwa kuwa hilo ndilo mwanafunzi atakalolikuta katika matangazo ya kazi na kila atakapotafuta msaada mtandaoni. Mwingine anasema kwamba kuandika hivyo ni kuwanyima watu wa mradi wa GNU, ambao zana zao zimo ndani ya mfumo huo, sifa ya jasho lao, na kwamba haifai kuwafundisha vijana uadilifu huku ukurasa wa kwanza ukimpa mtu mmoja kazi ya wengi.

Naona uzito wa hoja zote mbili, wala sitaki tupige kura tu kisha nusu yetu wabaki na kinyongo. Jina lipi ni la haki? Na je, tuwashukuru vipi watafsiri wa kujitolea waliotutangulia, ambao menyu zao tumezitumia na kuziongezea zetu?

Mhifadhi_Msimbo

Mwalimu, mimi nasimama na GNU/Linux, na nitaeleza sababu kwa utaratibu. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwezi Septemba 1983, na tangu tangazo hilo lengo lake lilikuwa mfumo mzima wa uendeshaji ambao kila mtu angeweza kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuusambaza. Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipotangaza kerneli yake (kiini cha mfumo kinachosimamia vifaa vya kompyuta), ambayo ndiyo Linux, mwezi Agosti 1991, mradi huo ulikwisha kutoa kihariri cha Emacs, GCC inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, na Bash inayopokea amri za mtumiaji. Kilichopungua kilikuwa kerneli, kwa sababu ile ya GNU yenyewe, yaani Hurd, iliyoanza kuandikwa mwaka 1990, ilikuwa ikisuasua. Katika tangazo lake Torvalds alisema wazi kwamba mfumo wake ungekuwa kitu cha kujifurahisha tu, si kikubwa wala cha kitaalamu kama GNU, na kwamba Bash na GCC tayari zilikuwa zikifanya kazi juu yake.

Tena, leseni ya kwanza ya Linux ilikataza kuisambaza kwa malipo. Ni mwaka 1992 ndipo Torvalds alipoihamishia kwenye GPL, leseni iliyoandikwa na Stallman, na kuanzia hapo makampuni na watu binafsi wakaweza kuiuza na kuiendeleza bila hofu. Kijana anayesikia "Linux" peke yake hujifunza kwamba kuna mtu hodari aliyeandika programu nzuri. Hajifunzi kwamba kulikuwa na watu waliodai uhuru wa mtumiaji miaka minane kabla yake. Hilo ndilo linaloniuma katika suala hili, kuliko sifa ya mtu yeyote.

Mwisho, mnatumia Debian, na Debian walikubali hoja hii mapema: mradi ulianza mwaka 1993, na kufikia 1994 walikuwa wakiuita mfumo wao Debian GNU/Linux. Mwanafunzi akifungua faili la /etc/os-release, linaloutambulisha mfumo, atalikuta jina hilo.

Fundi_NgongRoad

Ndugu Mhifadhi ameeleza historia kwa uaminifu, lakini sikubaliani na hitimisho lake. Tukisema kila aliyechangia sehemu kubwa atajwe katika jina, hatutajua pa kuishia. Madirisha ambayo vijana hao wanayaona kwenye kioo yana asili yake katika mfumo wa X, ulioanza katika chuo cha MIT cha Marekani mwaka 1984 nje ya GNU. Firefox na LibreOffice, ambazo ndizo watakazozitumia kutwa, si za GNU pia. Stallman hujibu kwamba wengine walitengeneza vipande ilhali GNU ilikusudia kujenga nyumba nzima. Hilo ni jibu lenye maana, lakini msingi wake ni dhamira, si kiasi cha kazi, na lazima mwanafunzi aelezwe tofauti hiyo.

Pia jina hilo halifai kila mahali. Simu za Android mikononi mwa wanafunzi hao hao zina kerneli ya Linux bila maktaba wala zana za GNU. Alpine, mfumo mwingine wa Linux, hutumia musl na BusyBox badala ya maktaba na zana za GNU. Ubuntu 25.10, mfumo mwingine tena, iliyotoka Oktoba 2025, imeweka zana za msingi zilizoandikwa kwa lugha ya programu ya Rust mahali pa zile za GNU. Mnachofundisha leo kama jina sahihi huenda kesho kisieleze kompyuta iliyo mbele ya kijana.

Na tafadhali msiwaambie watoto kwamba Torvalds alijinyakulia jina. Yeye alitaka kuiita Freax. Ni Ari Lemmke, aliyeihifadhi kwenye seva ya FTP (ya kupakulia mafaili) huko Ufini, ndiye aliyeliita saraka lake linux. Ushauri wangu ni jalada liandikwe "Linux", halafu sura ya kwanza ieleze GNU kwa kina.

Mwalimu_Eastlands

Nawashukuru sana. Nimesahau kueleza kwamba kitabu kitaambatana na flashi yenye mfumo tuliourekebisha, na tunafikiria kuupa jina la kituo chetu. Je, hilo nalo lina shida?

Mpekuzi_Leseni

Mwalimu, hapo ndipo inafaa kutenganisha ombi, sheria na adabu. GPL haimlazimishi mtu kutamka neno GNU. Stallman mwenyewe husema kwamba ni ombi. Kinachokulazimisha ni kutofuta ilani za hakimiliki. Katika Debian ilani hizo ziko ndani ya /usr/share/doc, chini ya kila programu, katika faili liitwalo copyright, na nimeona watu wanaotayarisha kompyuta zenye diski ndogo wakilifuta folda hilo lote ili kupata nafasi. Msifanye hivyo. Aidha, mkigawa flashi yenye programu zilizo chini ya toleo la pili la GPL, wekeni na msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na watengenezaji, au ahadi ya maandishi ya kuutoa kwa muda usiopungua miaka mitatu.

Kuhusu jina, Linux ni alama ya biashara iliyosajiliwa na Torvalds, na ile ya Debian inashikiliwa na shirika la Software in the Public Interest. Kwa kuwa mmeurekebisha mfumo, upeni jina lenu na mwandike kwamba umejengwa juu ya Debian; ndani ya os-release uwepo mstari wa ID_LIKE=debian, unaoonyesha asili hiyo.

Liko jambo moja la kale ambalo nadhani lina mafunzo kwenu. Leseni ya kwanza ya BSD, mfumo wa uendeshaji uliotoka Chuo Kikuu cha California, ilitaka kila tangazo litaje chuo hicho. Wengine wakaiga kwa kuweka majina yao, hata Stallman alipohesabu mwaka 1997 katika toleo moja la NetBSD, mfumo uliotokana na BSD, akakuta sentensi 75 za namna hiyo. Alipinga kwa nguvu, na chuo kikakiondoa kifungu hicho mwaka 1999. Kwa hiyo hata mtetezi mkuu wa jina la GNU alikataa shukrani za kushurutishwa. Shukrani nyingi ziingie kurasa za ndani.

Mtafsiri_Nairobi

Naongeza kuhusu watafsiri, maana wao husahaulika kabla ya wengine wote. Kila faili la tafsiri la aina ya PO lina kichwa chenye jina la mtafsiri wa mwisho, na mara nyingi juu yake iko orodha ya waliotangulia pamoja na mwaka. Mtu akihariri maneno machache, programu huandika jina lake mahali pa yule wa awali, na aliyefanya kazi yote hutoweka asipoingizwa kwenye orodha. Chukueni majina kutoka humo, faili kwa faili. Kama kuna istilahi mlizozipata kutoka mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, utajeni kwa jina.

Mwalimu_Eastlands

Tumeketi na kuafikiana, ingawa Fundi hatapendezwa kikamilifu. Jalada litasema "Kutumia Debian GNU/Linux", kwa kuwa tunaandikia mfumo mmoja mahususi na hilo ndilo jina walilolichagua walioutengeneza. Ukurasa wa pili utaeleza kwamba wengi huuita Linux, na hoja ya Fundi kuhusu Android na Alpine itaingia katika sura ya historia. Flashi itakuwa na jina letu, na msimbo chanzo utakuwemo humo humo. Dada Mtafsiri, nitakutumia mafaili ya PO jioni hii. Mawili kati yake hayana orodha ya waliotangulia, na ningependa unisaidie kufuatilia matoleo ya awali kabla hatujachapisha.