Mashine ndogo ya kufulia, chumba na sebule ghorofa ya tatu: ya aina gani na ikae wapi?

JiraniWaJuu
Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wanaozijua hizi mashine ndogo za kufulia. Ni chumba na sebule Sinza, ghorofa ya tatu ambayo ndiyo ya mwisho, na tenki limekaa kwenye slabu juu yetu. Maji ya DAWASA ni ya zamu. Yakikatika tunatumia ya kisima, yana chumvi. Bafuni kuna tundu la maji sakafuni ila hakuna soketi, na mlangoni pana kizingiti cha sentimita 8 hivi. Soketi iliyo karibu iko koridoni, mita moja na nusu kutoka mlango wa bafu. Mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe wala bomba liguswe.

Tupo watu wazima wawili na mtoto. Nichukue otomatiki ndogo, ya mapipa mawili (moja la kufua, moja la kukamua), au hizi za pipa moja zinazobebeka? Maji machafu yatatoka vipi? Na LUKU italiwa kiasi gani?

FundiMota
Mkuu, kwa hapo ulipo otomatiki iweke kando. Kinachokukwamisha ni presha ya maji. Otomatiki nyingi kwenye kibandiko cha nyuma zinataka kuanzia MPa 0.03, yaani mita 3 kutoka usawa wa maji kwenye tenki hadi valvu ya mashine. Anayekaa chini, tenki likiwa juu ya ghorofa ya tatu, ana mita nyingi kuliko hizo na hapati tabu. Wewe tenki likijaa unagusa mita 3 na ushei; likishuka nusu, unabaki na mbili na kitu. Hapo maji yanaingia kwa kudondoka, mashine inasubiri mpaka muda wake unaisha, inaandika kosa kwenye kioo na kusimama katikati ya suuza. Utaona imeharibika kumbe nzima. Na siku ya mgao, kuilisha otomatiki kwa ndoo katika kila hatua ni kazi kuliko kufua kwa mkono.

Chukua ya mapipa mawili, semi-otomatiki, ya kilo 4 au 5. Unaijaza kwa ndoo au kwa mpira, maji ya presha yoyote. Soma kibandiko vizuri kabla ya kulipa: kilo zilizoandikwa kubwa ni za kufua, za kukamua huwa pungufu. Na kilo hizo ni za nguo kavu. Jinzi ya mtu mzima ni gramu 600 hadi 700, taulo la kuogea nusu kilo hivi, fulana 150 hadi 200. Jinzi mbili, taulo moja na fulana tano tayari zinakaribia kilo 3, na hapo ndipo mashine ya kilo 5 inafua vizuri. Ukiijaza mpaka kilo 5, nguo zinakaa kama donge moja, hazigeuki, na mkanda unaanza kuteleza.

Za pipa moja zenye kikapu kidogo cha kukamulia cha kuweka na kutoa, hizo ni za nguo za mtoto mchanga na soksi. Taulo moja kubwa lililolowa linaizidi nguvu. Zile za kukunjwa nazo hivyo hivyo.

Umeme usikutishe. Mota ya kufua ya saizi hiyo ni wati 300 hadi 400, ya kukamua wati 150 hadi 200, na hakuna hita ndani. Kufua dakika 12, kusuuza mara mbili dakika 3 kila moja, kukamua mara tatu dakika 4, jumla haifiki hata moja ya tano ya uniti. Uniti moja ya LUKU inafua mizigo mitano na zaidi. Kinacholiwa kwako ni maji.

Kibarazani
Suala la kizingiti ndilo la kuanza nalo kabla hujaenda dukani, maana litaamua mengine yote.

Mapipa mawili mengi hayana pampu. Maji yanatoka kwa kushuka yenyewe kupitia mpira wa kijivu wa chini, na mdomo wa mpira kwenye mashine uko sentimita chache tu kutoka sakafuni. Ukiiweka koridoni na kuuvusha mpira juu ya kizingiti cha sentimita 8, maji yatatoka mpaka yafike usawa wa kizingiti halafu yatasimama. Yale ya chini yanabaki ndani na uchafu wote, yanavunda, kesho yake nguo safi zinanuka. Kuna wanaoinamisha mashine kumwaga yaliyobaki. Wanapasua kiungo cha mpira, na maji yanaingia kwenye mota iliyo chini.

Inyanyue. Chukua matofali mawili ya simenti ya inchi 5, yalaze kwa ubapa, kila moja upande wake, urefu ukielekea mbele na nyuma. Tofali lina inchi 18, sawa na sentimita 45, na mashine nyingi za saizi hii hazifiki kina hicho. Juu yake weka ubao wa marine (plaiwudi inayohimili maji) wa milimita 18 uliokatwa kuzidi mashine kidogo, kisha kipande cha kapeti la mpira ili isitembee inapokamua. Unapata sentimita 14 hivi. Mpira ukitoka hapo ushuke mfululizo hadi ng'ambo ya kizingiti, usiwe na tumbo wala mkunjo. Weka pimamaji juu ya mashine, lakini ikague kwa macho na kwa mkono pia: sukuma kila kona, isicheze hata moja. Upande wa kukamua unazunguka zaidi ya mara 1,300 kwa dakika. Kona moja ikining'inia, koridoni patakuwa na kelele hadi jirani wa chini apande.

Ukiwa dukani omba wakuonyeshe mpira wa kutolea maji unatokea wapi. Zipo zenye pampu ndogo, hizo zinapandisha maji hadi kwenye sinki na kizingiti si hoja, ila pampu ni kifaa kingine cha kuziba na kuungua. Kama matofali yanaingia pale, mimi ningekaa na ya kushuka yenyewe.

Jambo la mwisho, mashine ikija ina kifuniko cha plastiki cha kufunga chini kwa skrubu. Wengi wanakiacha kwenye boksi. Kifunge. Panya wa mjini anapenda sana kulala karibu na mota na anakata waya.

Mpangaji_TBT
Kwa nini asiisukume tu bafuni, akavuta ekstensheni kutoka koridoni? Kizingiti kinakuwa hakipo tena.

FundiMota
Hapana ndugu yangu, hilo tusilishauri hata kidogo. Bafu ni sakafu yenye maji, mtu yuko peku, mikono imelowa. Kichwa cha ekstensheni kikidondoka au kikirushiwa maji, ni kifo. Mashine ibaki koridoni, mpira wa maji ndio uingie bafuni.

Na kabla ya kuiwasha mara ya kwanza apime ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Nyingi za mapipa mawili zina waya wa pekee wa kijani na njano unaoning'inia nyuma, au plagi ya pini mbili ambayo watu wanaichomeka kwa adapta. Kwa njia hiyo ethi haipo. Fundi umeme akate plagi hiyo, aweke ya pini tatu yenye fyuzi, na waya wa kijani na njano uingie kwenye pini ndefu. Kisha apime kama soketi yenyewe ina ethi, kwa sababu nyumba nyingi za kupanga pini ya tatu ni tundu tu, nyuma yake hakuna waya. Ukigusa bati la nyuma ukasikia kama unatekenywa, chomoa kwenye soketi, usiizoee. Na usisimame peku: kandambili kavu miguuni kila unapofua.

DobiWaNyumbani
Naongezea upande wa nguo na maji, maana hapo ndipo watu wanaikatia tamaa mashine nzuri.

Pipa la kilo 5 kwa kiwango cha kati linachukua lita 35 hivi, karibu ndoo mbili za lita 20. Ukifua mzigo mmoja na kusuuza mara mbili, ni ndoo tano na zaidi. Ndiyo maana ufue mizigo miwili kwa maji yaleyale. Anza na nyeupe, kamua, weka kwenye beseni. Maji ya povu usiyamwage. Tumbukiza za rangi, fua, kamua. Sasa fungua maji machafu, jaza safi. Suuza nyeupe kwanza, kamua, kisha za rangi humo humo. Badilisha maji, rudia mara ya pili kwa mpangilio uleule. Unajaza pipa mara tatu badala ya sita, na ukijumlisha ya kuongezea kwa yale yanayotoka wakati wa kukamua, ni ndoo sita hivi kwa mizigo miwili. Maji ya suuza ya mwisho elekeza mpira kwenye ndoo, yanafaa chooni na kupigia deki.

Kukamua kabla ya kusuuza ndiyo siri. Nguo iliyokamuliwa imeshatoa sabuni kubwa, suuza mbili zinatosha. Ukisuuza nguo iliyojaa povu hata mara nne maji bado meupe.

Sabuni: unga wetu mwingi umetengenezwa kwa kufua kwa mkono, una povu jingi. Kwa lita 35, vijiko vya chakula vitatu vilivyosawazishwa. Koroga kwanza kwenye kopo la maji ya uvuguvugu hadi uyeyuke, mimina, zungusha dakika moja bila nguo, ndipo utie nguo. Unga ukiumwaga mkavu juu ya nguo unaganda kwenye mishono, na nguo nyeusi zinatoka na michirizi. Povu la unene wa vidole viwili linatosha. Likipanda hadi kwenye mfuniko, linaingia upande wa kukamua na kuzuia pipa lisishike kasi. Kwa maji ya kisima povu litakuwa dogo hata sabuni ikitosha, ongeza kijiko kimoja au kimoja na nusu, usizidishe. Kama kuna maji ya DAWASA kwenye ndoo, yatunze kwa suuza ya mwisho, nguo hazitakauka zikiwa ngumu.

Muda: fulana na nguo za ofisini dakika 6 hadi 8, jinzi na taulo 12 hadi 15. Kola na pindo za suruali zisugue kwa mkono kwanza, mashine ndogo haizifikii. Zipu funga, mifuko kagua. Madera yenye kamba, sidiria na mitandio viingie kwenye mfuko wa wavu, la sivyo vinajisokota kwenye sahani ya chini, ile inayozungusha nguo. Kanga mpya fua peke yake mpaka iache kutoa rangi. Blanketi usiweke kabisa.

Kwenye kukamua panga nguo kwa kuzunguka ukuta wa pipa, shindilia kwa kiganja, kisha weka kile kifuniko chembamba cha plastiki juu yake. Kisipowekwa, soksi inaruka na kuingia kati ya pipa na ganda la nje, na kuitoa ni kufungua mashine. Ikianza kugonga ta-ta-ta, inua mfuniko, isimame kabisa, panga upya. Shuka moja peke yake haitulii. Liwekee fulana upande wa pili zisawazishe.

Masika, hewa ya Dar ikiwa imelowa, kamua dakika 5 na uanike saa hiyo hiyo kwa nafasi, feni ikipuliza. Nguo zikikaa kwenye beseni tangu mchana hadi jioni zinapata harufu ambayo pasi haiitoi.

Mara moja kwa mwezi, lita 10 za maji ya uvuguvugu na nusu lita ya siki, zungusha dakika 5, acha nusu saa, zungusha tena, mwaga. Inatoa magamba ya chumvi. Siki isikutane na Jiki hata kidogo, inatoka gesi ya klorini, na bafu la ghorofani lina kidirisha tu. Kichujio cha nyuzi kisafishwe kila baada ya kufua, na mifuniko yote miwili ibaki wazi mpaka pakauke.

JiraniWaJuu
Nawashukuru sana wakuu. Nimepima, ubao na matofali vinaingia koridoni na mlango unafunguka. Kuna mtu anauza iliyotumika ya kilo 5, anasema upande wa kufua unanguruma tu hauzunguki, eti ni kitu kidogo. Niiache?

FundiMota
Usiiache kabla ya kuipima. Chomoa plagi, ingiza mkono, zungusha sahani ya chini. Ikigoma, kuna sarafu au pini ya nywele chini yake. Skrubu moja katikati, sahani inatoka, kazi ya dakika kumi. Ikizunguka laini lakini kwenye umeme inanguruma tu, kapasita ya mota (kifaa kinachoisaidia kuanza kuzunguka) ndiyo ya kushukiwa kwanza. Fungua mgongo uone namba yake, kwa upande wa kufua mara nyingi ni maikrofaradi 10 hadi 12, volti 450. Ibadilishwe kwa namba ileile. Kariakoo kwenye maduka ya vipuri zipo. Fundi ndiye aiguse, inabaki na chaji hata ikiwa imechomolewa. Mota ikisikika inakwenda na sahani imesimama, ni mkanda: nenda dukani na ule wa zamani mkononi mlinganishe.

Kisha jaribu upande wa kukamua. Ukiinua mfuniko pipa lisimame ndani ya sekunde chache. Likiendelea kuzunguka, breki imelegea, na una mtoto nyumbani, hiyo itengenezwe kabla haijaingia ndani. Mimina nusu ndoo ya maji humo, chungulia chini kwa tochi. Ukiona tone linadondokea kwenye mota au kutu nyekundu kwenye shafti yake, mpira wa kuzuia maji umekwisha na mota imeshaonja. Hiyo muachie mwenyewe.

Harufu ya kuungua pia ni ya kuachana nayo, hata akikupunguzia bei.